Nyumba Iliyokaguliwa Barazani

Wanaume wa ukoo wa mume wangu waliikagua nyumba ya Ziwa la Ng'ombe wakiwa wameketi. Waliketi barazani, mbele ya mlango, wakanywa kahawa ya muuzaji, wakatafuna tende zake, wakatazama watu wapitao njiani, kisha wakarudi Frere Town wakasema nyumba ni nzuri. Nikauliza vyumba vikoje. Wakatazamana. Mjomba wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wa msafara, akasema vyumba viko.

"Viko vipi, mjomba?"

"Viko ndani."

Hasira yangu ilianzia hapo, na hata leo ninapoandika sioni sababu ya kudanganya kwamba imekwisha.

Ilikuwa miaka ya vita. Kisiwani kumejaa askari na mabaharia, kodi za vyumba zimepanda mpaka watu wenye kazi zao nzuri wanavuka kuja bara kutafuta pa kulala, na sisi wenye bara yetu tukajikuta tunabanwa. Mume wangu alikuwa karani bandarini. Tulipanga chumba kimoja cha uani Frere Town, chumba ambacho ukuta wake wa nyuma ulikunywa mvua ya vuli ukakataa kuitoa. Krismasi ilitukuta ukuta bado una jasho. Binti yetu, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa hajaanza hata kutambaa, na kifua chake kilikoroma mchana na usiku kama chungu kilichofunikwa motoni. Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akamsikiliza, akaniuliza tunalala wapi, nikamweleza, akasema, "Mama, dawa nitakupa, lakini dawa yenyewe ni mahali pakavu. Masika yasimkute mle."

Kwa hiyo jambo langu lilikuwa dogo, hata mjinga angeliweza kulibeba. Sikutaka nyumba kubwa. Sikutaka nakshi mlangoni wala mnazi uani. Nilitaka ukavu, na niutake kabla ya masika.

Kwetu huku mtu akisema amenunua nyumba, mara nyingi amenunua nyumba tu. Ardhi ni ya mwenye shamba, naye hupewa kodi yake ya kiwanja. Chako wewe ni kuta, paa, milango na ulichokipanda mwenyewe. Basi mtu akinunua nyumba bila kuziona kuta kwa ndani, bila kuinua macho alitazame paa kwa chini, amenunua nini? Amenunua mahali pa kuelekezea wageni.

Nilisema haya mapema. Nilisema nyumba ikaguliwe mvua ikinyesha. Kiangazi kila paa ni paa. Hata chekeche ukiliweka juu ya kuta nne mwezi wa pili halivuji. Mjomba alinisikiliza kwa upole ule wa watu wanaongoja uishiwe na pumzi. Nimesoma mpaka sekondari, kule bara ya juu, na wakwe zangu hulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini kama watu wanaotaja kifafa.

"Mwanangu," akasema, "nyumba ni kama mchumba. Huendi kumtazama mtoto wa watu siku anaumwa. Unakwenda siku ameoga, amejipaka mafuta, ndipo umjue sura yake."

"Mimi mlikuja kunitazama nina matubwitubwi, mjomba. Mashavu yameniziba masikio. Mbona mlinichukua?"

Mume wangu akainamia kikombe chake cha chai. Mjomba akasema hilo lilikuwa jambo tofauti, tarehe ilikuwa imeshapangwa.

"Na hamkudanganyika," nikasema. "Nilipopona mlipata faida. Nyumba yenu ikiugua mtapata nini?"

Akasema nina maneno mengi.

Sasa nieleze kwa nini hawakuingia ndani, maana msomaji atadhani ni uvivu. Uvivu ulikuwapo, lakini ulipata kisingizio kizuri. Mwenye nyumba alikuwa amefariki. Ndani alibaki mjane wake, anakaa eda, kizuka kama wanavyomwita, mwanamke ambaye mpaka siku zake ziishe hatoki nje wala haonekani na wanaume wasio wake. Muuzaji alikuwa mdogo wa marehemu, mwenye kanzu safi na sauti laini kama samli. Alipowapokea aliwaambia, "Ndani yuko kizuka, mabwana. Nanyi nawajua ni watu wa heshima."

Hapo akawa amewamaliza. Wakristo wetu wa Frere Town wana ugonjwa mmoja ambao sijausikia mahali pengine. Wamezaliwa kati ya majirani Waislamu, wamekula pilau za harusi zao na kuzika nao, lakini bado hofu yao kubwa duniani ni kwamba Mwislamu mmoja, mahali fulani, atasema watu wa misheni hawana adabu. Ili wasisemwe hivyo, watafanya adabu hata pale ambapo mwenye dini yake hakuiomba. Mjomba wetu aliposikia neno kizuka, aliondoa hata mgongo wake kwenye ukuta. Walikuwa wamekuja na fundi wa nyumba, mtu wa kulipwa, na fundi naye akazunguka nyumba kwa nje akinyata, akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anayechagua dafu, na kila akigonga anasema "samahani" kwa sauti ya chini. Waliposimulia hayo walisimulia kwa fahari. Nikauliza ukuta ulisema nini.

"Umepigwa chokaa mpya," akasema mjomba. "Mweupe, mpaka unaumiza macho."

"Wote?"

"Kuanzia chini mpaka kwenye goti hivi. Juu bado. Ni mtu msafi yule, ameanza na chini."

Mtu anayejua kupaka rangi huanza juu, maana matone huanguka chini. Nilimtazama mume wangu nione kama naye anafikiri ninalofikiri. Alikuwa anafikiri juu ya kiti chake barazani.

Mapatano yalikuwa hivi. Arbuni itolewe sasa, ili nyumba isiuzwe kwa mwingine. Eda itakwisha masika yakianza anza. Mjane atatoka, nasi tutaingia, tutatazama kila chumba kwa nafasi yetu, kisha tulipe kilichobaki. Tukijitoa, arbuni imekwenda. Nilimwambia mume wangu, "Baba, tazama hilo jambo limepangwaje. Tunafunga ndoa kwanza, halafu tunaulizwa kama tunampenda." Nikamwomba angoje mvua moja tu, mvua ya kwanza, aende akasimame mle ndani. Akasema atazungumza na mjomba.

Akazungumza naye. Nilijua arbuni imekwisha kutolewa siku mjomba alipokuja kwetu akaanza kuniita mwenye nyumba.

Mvua ya kwanza ilikuja asubuhi, mume wangu yuko kazini. Haikuwa manyunyu ya kutania. Ilikuja kutoka baharini imejikunja, ikafungua kila kitu kwa mara moja, na ukuta wetu wa nyuma ukaanza kutoa jasho nikiwa bado natafuta kandambili. Mtoto nilimwacha kwa mama mwenye nyumba yetu, karibu na jiko, nikachukua mwavuli wa mume wangu na fundo la sukari niliyokuwa nimeibana, maana sukari wakati ule ilipatikana kwa kupanga foleni, nikashika njia ya Ziwa la Ng'ombe. Mahali pameitwa ziwa tangu babu wa mtu hajazaliwa. Ng'ombe walikuwa wakinywa pale. Ng'ombe walijua. Wanaume watano wenye viatu waliketi pale asubuhi nzima wasiulize ng'ombe walikuwa wakinywa nini.

Nikapiga hodi.

"Karibu," sauti ikasema kutoka ndani. "Pita, usisimame mvuani. Mlango haukufungwa."

Nimezaliwa jirani na watu hawa. Kizuka hufungiwa wanaume. Mwanamke huingia akampa mkono wa tanzia, akakaa naye, akampunguzia upweke. Hata mtoto anajua. Wanaume wetu nao wanajua. Kilichowashinda ni kukumbuka kwamba nyumbani kwao kuna mwanamke.

Mjane alikuwa mtu mzima, mwenye mwili, amejitanda leso mbili zilizochujuka, hana hina wala wanja. Hakuinuka kunipokea kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Alikuwa anapanga vyombo sakafuni: beseni, sufuria mbili, chungu, bakuli la kauri lenye ufa, kopo la mafuta ya taa lililokatwa kichwa. Alipanga bila kutazama juu, kama mwanamke apangavyo sahani za wageni ambao kila mmoja anajua pake. Alipomaliza kuweka cha mwisho, paa likaanza. Tone la kwanza likaingia katika beseni. La pili katika chungu. Hapakuwa na tone lililokosa chombo chake.

"Shikamoo, bibi. Poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Panda kitandani uketi, tena miguu uiinue."

Kitanda kilikuwa kimesimamishwa juu ya mawe. Nikapanda. Nikampa sukari, akaipokea kwa mikono miwili, akaificha kifuani maji yasiifikie, kisha akapanda kando yangu akanitazama vizuri.

"Wewe umekuja kunipa pole, ama umekuja kutazama nyumba?"

"Yote mawili, bibi."

"Pole nimepewa za kutosha. Tazama nyumba. Una mato."

Nikatumia macho yangu. Makuti yalikuwa yamezeeka mpaka yamekuwa kama nywele za mgonjwa. Mwanga ulipita mahali pengi. Lakini paa huezekwa upya. Makuti yanapatikana, hata wakati wa vita. Nilikuwa nimeanza hata kupiga hesabu hiyo kichwani, kwa matumaini ya kijinga, nilipoona sakafu inageuka rangi. Maji hayakuingia mlangoni. Mlango ulikuwa na kizingiti kirefu na maji ya nje bado yalikuwa mbali. Yalipanda kutoka chini, kimyakimya, kwanza pembeni mwa kuta, halafu katikati, udongo ukang'aa, ukalainika, na bakuli la kauri likajiinua kidogo likaanza kuzunguka taratibu.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," mjane akasema. "Amekuja mapema mwaka huu."

Nikamuuliza chokaa.

"Ile ya nje? Kila mwaka hupigwa, kiangazi. Marehemu alikuwa akiipiga mwenyewe, Mungu amrehemu. Maji yakipanda huacha mstari ukutani, na mstari haumpendezi mtu. Mwaka huu kapiga shemeji. Kapiga vibaya, lakini kapiga."

"Wanaume wetu waliisifu."

"Niliwasikia. Niliwasikia wote. Mmoja alikuwa akinigongea ukuta kwa nyuma, nami nimelala upande huu. Wallahi nilidhani marehemu kasahau kitu."

Nilicheka, na sikuwa na haki ya kucheka. Akaniuliza mbona hawakuingia. Nikasema waliambiwa ndani kuna kizuka.

"Na kizuka ni simba? Fundi wa mlango aliingia juzi juzi hapa, akatia bawaba. Mimi nikakaa nyuma ya pazia lile, wake wa jirani wakakaa nami, akamaliza kazi yake akaenda. Mchukuzi wa maji huingia kila siku mpaka mtungini. Wangepiga hodi wakasema, bibi, twataka kutazama nyumba, ningesema ngojeni nijistiri. Ningestirika, wangetazama. Hapana aliyepiga hodi. Walikunywa kahawa wakaenda zao, nikasema, hawa ni matajiri, wanunua kwa harufu."

"Shemeji yako ndiye aliyewaambia."

"Shemeji yangu auza nyumba. Wataka aseme nini?"

Akashuka kitandani, akamwaga sufuria iliyojaa dirishani, akairudisha palepale. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sikwambii haya kwa kukupenda, mwanangu, tusidanganyane. Mkinunua, mimi natoka nikakae kwa watu. Msiponunua, nakaa. Nimezoea vyura. Basi ukisikia maneno yangu uyachuje, nina langu ndani yake."

"Nina mtoto ana kifua, bibi."

Akasukuma kopo kwa kidole cha mguu, tone likaliangukia katikati.

"Basi huna haja ya kuchuja."

Jioni nilimwambia mume wangu. Alivua viatu vyake vilivyolowa akavitazama kana kwamba vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vinasema. Kisha akasema labda mvua ile ilikuwa ya ajabu. Labda siku nyingine haipandi hivyo. Labda tusikie na mjomba anasemaje. Nikamwambia sitaki kusikia mjomba anasemaje. Nataka kusikia miguu yake inasemaje. Jumapili, mvua ikinyesha, tutoke kanisani moja kwa moja.

Jumapili ilinyesha. Nilikaa ibada nzima nikiomba isikatike, na najua kuna wakulima waliokuwa wakiomba hivyo hivyo kwa sababu nzuri zaidi. Mjomba alikuwa amevaa suti yake ya drili na viatu vya ngozi alivyovinunua kabla ya vita na ambavyo havikuwa na ndugu tena madukani. Aligoma. Alisema ni aibu kubwa, kuingia kwa mfiwa kwa miguu ya tope, tena mwanamke aliye katika eda, tena Jumapili. Nikasema mwenyewe amekaribisha, nilituma neno jana akasema njooni. Akasema kuitikia kwa mwanamke si kukaribisha. Nikasema basi mjomba abaki nje, aketi pale alipozoea. Hilo lilimuuma kuliko nilivyokusudia, akatangulia mbele.

Nikapiga hodi. Mjane alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha kati pamoja na wanawake wawili wa jirani ambao, kwa jinsi pazia lilivyokuwa likitikisika, hawakuja kwa ajili ya stara peke yake.

"Karibuni," akasema. "Viatu mnaweza kuvua."

Mume wangu akavua, akakunja suruali. Mjomba akaona kuvua viatu mbele ya wanawake, hata wa nyuma ya pazia, ni kuvunjiwa hadhi. Akaingia navyo. Alikanyaga hatua tatu za mtu anayeingia ofisini, na hatua ya nne ikamshika. Maji yalimfika kwenye kifundo. Akasimama katikati ya ukumbi, kofia ameibana kifuani kwa heshima, sufuria na mabeseni yamemzunguka yanagongwa na matone kila upande, akalielekea pazia akasema, "Poleni sana kwa msiba, mama."

"Tumeshapoa, bwana," pazia likajibu.

"Naona kuna maji kidogo."

"Yapo."

"Yametoka wapi?"

"Yako kwao, bwana. Nyinyi ndio wageni."

Nyuma ya pazia mtu mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Mjomba akaanza kusema mambo ya kuinua sakafu. Akasema udongo mwekundu, kifusi, kokoto za matumbawe. Alisema mtu akiinua sakafu kimo cha goti mambo yatakwisha. Nikamuuliza na kichwa cha mtu mlangoni kitapita wapi. Akasema mlango nao utainuliwa. Na paa? Paa nalo. "Kwa hiyo, mjomba," nikasema, "tutanunua nyumba hii, tujenge nyingine juu yake."

Mume wangu hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amechuchumaa pembeni mwa ukuta wa chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tumepanga kumlaza mtoto, anagusa udongo kwa vidole. Kipande cha ukubwa wa mkate kilitoka kikabaki mkononi mwake, kimelowa, na nyuma yake fito zinaonekana nyeusi. Akakitazama. Akajaribu kukirudisha mahali pake, akakibandika, kikaanguka majini. Akainuka.

"Mjomba," akasema, "hapana."

Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu aliyeulizwa kama anataka chumvi. Lakini katika ukoo ule hapana kama hiyo ilikuwa haijawahi kusemwa kutoka chini kwenda juu, na mjomba aligeuka akanitazama mimi, kwa hakika kwamba nimeisema mimi kwa kinywa cha mwingine.

"Na arbuni?" akauliza.

"Imekwenda," mume wangu akasema.

"Watu watatucheka."

Pazia likakohoa tena.

Mjomba hakukubali kwamba imekwenda. Alikwenda kwa muuzaji peke yake kuidai, akiwa na hoja zake zote. Muuzaji alimpokea vizuri sana, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema anasikitika, lakini arbuni ni arbuni, hata vitabuni imo. Kisha akamkaribisha kahawa. Niliuliza kama aliinywa. Mume wangu akasema aliinywa, ingekuwa kukosa adabu kukataa.

Kwa hiyo tulibaki na akiba iliyochomolewa kipande, masika yameingia mazima, ukuta wa nyuma unatiririka, na mtoto anakoroma. Mjomba akatoa shauri lake. Tutulie. Tungoje mvua zipite, ardhi ikauke, ndipo tutafute nyumba nyingine kwa utulivu, kiangazi, watu wakiwa na nafasi. Kuna maneno ambayo ukimjibu mtu unakuwa umemheshimu. Nikachukua mwavuli.

Mwavuli wenyewe nilikuja kuuacha baadaye, kwa sababu mwenye mwavuli hana sababu ya kuingia ndani ya nyumba ya mtu. Nilikwenda Kongowea, nikapanda Kisauni, nikasikiliza sokoni ni nani anataka kuuza, na kila mvua iliposhuka nilihakikisha inanikutia mlangoni pa mtu huyo. "Hodi, mvua imenipata." Hakuna mlango wa pwani utakaokufungia kwa neno hilo, uwe wa Mwislamu, wa Mkristo, au wa mtu asiye na siku ya kusali. Utavutiwa kigoda. Utapewa leso kavu ya kujifuta. Hutaulizwa umetoka wapi mpaka umeacha kutetemeka, na kwa muda huo wote macho ni yako. Niliona ndani ya nyumba za watu ambao mjomba angewaandikia barua kwanza. Niliona ukuta wa Mzee mmoja maarufu wa kanisa letu umeegemezwa na kabati. Niliona nyumba ya mabati, mabati ya kabla ya vita, kiburi cha mtaa mzima, ambamo familia yote ilikuwa imehamia upande mmoja wa chumba kama abiria wa chombo kinachopinduka. Wote nje walikuwa na baraza nzuri.

Mume wangu aliuliza kama siogopi kuonekana ombaomba. Nikamwambia ombaomba hujua nyumba za watu kuliko makarani. Siku mbili baadaye aliniambia kuna mtu kazini kwao amesikia juu ya nyumba ndogo inauzwa, upande wa juu wa Kongowea, na kwamba anga la kusini limekuwa jeusi. Alisema anga limekuwa jeusi huku akinipa leso yangu. Nadhani ndiyo barua ya mapenzi nzuri kuliko zote alizopata kuniletea.

Ndiyo nyumba hii ninamoandikia, huku yule mwenye kifua akinivuta karatasi kwa mkono wenye masizi. Siku ile nilifika nimelowa mpaka mifupani. Ilikuwa nyumba mbaya. Kuta zake hazijaona chokaa tangu zitomewe udongo, mlango umepinda, na mbele baraza ilikuwa imebomoka upande mmoja, kuku wamelala pale. Bibi mmoja mwembamba alikuwa ameketi ndani sakafuni anachambua mchicha. Nikapiga hodi, nikasema mvua imenipata, akanionyesha kwa kisu mahali pa kukaa, akaendelea na kazi yake.

Nikaketi sakafuni. Nje mvua ilikuwa inapiga kama inadai. Nilisikiliza ndani: hakuna chombo kilichokuwa kinaimba. Nikatazama pembe za kuta, moja baada ya nyingine. Halafu nikaona kwamba pindo la leso yangu lililolowa, pale lilipogusa sakafu, lilikuwa limeshika vumbi. Nikaliweka vidoleni nikalisugua, kama mtu anayepima unga sokoni. Lilikuwa vumbi la kweli, jepesi, masika yako katikati.

Bibi alikuwa ameacha mchicha, ananitazama.

"Wewe umejikinga mvua, ama unatafuta nyumba?"

Nilikuwa na jibu langu la kila siku, lakini lilikataa kutoka.

"Natafuta nyumba, bibi. Nina mtoto mgonjwa."

"Ndiyo maana nakuona huitazami mvua, watazama kuta na sakafu. Mimi nahamia kwa mwanangu, Rabai, akipatikana wa kuinunua. Wamekuja wengi kiangazi. Wakaitazama kwa nje wakasema mbaya." Akafuta kisu kwenye leso yake, akaelekeza nyuma kwa kidevu. "Inuka basi uanze na chumba cha uani, hicho ndicho cha chini kuliko vyote. Fanya upesi, kabla haijakatika. Ikikatika utakuja kuniambia hukuona vizuri."

Nikainuka nikaanza na chumba cha uani.